Karani wa Mizani na Mkubwa Wake

Chama kikuu kitimizapo miaka kumi, watu hupenda kusoma habari za majengo na marobota. Sisi tumeona vema kusimulia jambo lisilopigwa picha: karani apimaye pamba ya mkulima huwajibika kwa nani?

Swali hilo lilichangia sana kuzaliwa kwa ushirika katika Jimbo la Ziwa, Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe. Juhudi zao, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani, zilizaa Shirikisho la Vyama Vikuu vya Victoria mwaka 1955. Ngazi zilikuwa tatu: chama cha msingi, chama kikuu, na shirikisho. Karani wa chama cha msingi alikuwa chini ya halmashauri iliyochaguliwa na wakulima, na kama amewapunja aliweza kuulizwa mkutanoni mbele ya wale wale aliowapimia.

Hatuna haja ya kuficha kwamba halmashauri nazo zilikosea. Kamati maalumu ya Serikali ilipochunguza ushirika mwaka 1966, ilikuta watumishi wenye ujuzi ni haba, na wanachama wengi hawana habari za chama chao. Baada ya hapo vyama vikuu vya Ziwa viliunganishwa kuwa kimoja, Nyanza, na mwaka 1968 ikawekwa Tume ya Utumishi wa Ushirika kusimamia ajira na nidhamu. Nia ilikuwa njema. Lakini tangu hapo mtumishi mkubwa alikuwa na mabwana wawili, halmashauri iliyomtuma kazi na Tume iliyoshika riziki yake. Na kati ya hao wawili, kila mtu ajua yupi huogopwa zaidi.

Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na kazi yao ikaingia mikononi mwa mamlaka za mazao. Mkulima mwenye lalamiko hakuwa tena na halmashauri ya chama kikuu ya kuiendea. Sheria ya 1982 ilifungua njia ya kuvirudisha.

Tumeyaandika haya kwa kuwa muundo mpya wa watumishi wa chama chetu utaletwa mbele ya mkutano mkuu. Mwanachama atakapoipokea karatasi ile, aanze na mstari utokao kwa karani wa mizani, aufuate kwa kidole mpaka auone unapoishia.