Mamlaka ya Kuhukumu: Mahakama za Mombasa na Kesi za Maharamia wa Kisomali, 2006–2012

Historia ya uhalifu unaovuka mipaka imeandikwa zaidi kwa kufuata manowari kuliko majalada ya mahakama. Makala haya yanafuata majalada, kwa sababu suala la uharamia wa Somalia lilikwama mahakamani zaidi kuliko baharini.

Mwaka 2006 Wasomali 10, waliokamatwa na jeshi la majini la Marekani baada ya kuliteka jahazi la Kihindi Safina Al Bisarat, walihukumiwa Mombasa kifungo cha miaka 7 kila mmoja. Kesi hiyo ilionekana ya pekee. Haikubaki hivyo. Juni 2008 Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 1816, likiruhusu manowari za kigeni kuingia katika maji ya Somalia; Septemba ilitekwa meli ya Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33. Kukamata kukawa jambo jepesi, kushtaki ndiko kukawa mzigo. Sheria ya kimataifa inaipa kila dola uwezo wa kumhukumu haramia aliyekamatwa na manowari zake katika bahari kuu, lakini serikali za Ulaya zilihofia gharama na maombi ya hifadhi ya ukimbizi. Kenya ikafikia mapatano na Uingereza Desemba 2008, Marekani Januari 2009 na Umoja wa Ulaya Machi 2009.

Mapatano hayo yalitangulia marekebisho ya sheria. Kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu kilitaja uharamia wa bahari kuu, ilhali kifungu cha 5 kiliziwekea mahakama mpaka wa nchi na maji yake. Sheria ya Meli za Biashara ya 2009 ilikifuta kifungu cha 69 na kuweka masharti mapana zaidi, ila waliokwisha kushtakiwa walibaki chini ya sheria ya zamani. Novemba 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri la washukiwa 9 waliokamatwa na manowari ya Kijerumani katika Ghuba ya Aden, ilitamka kwamba haikuwa na mamlaka. Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, ikisema uharamia ni kosa dhidi ya mataifa yote.

Uamuzi wa 2010 umedharauliwa kupita kiasi. Ulikisoma kifungu kama kilivyoandikwa, na kwa mshtakiwa aliyeletwa katika nchi asiyokuwa na uhusiano nayo, herufi ya sheria ndiyo kinga yake ya kwanza. Kosa, kama lipo, ni la waliotia saini kabla ya kuisoma Kanuni yao wenyewe.

Kenya yenyewe ilikwisha kutoa ilani ya kuyavunja mapatano mwaka 2010, ikilalamikia uzito wa mzigo. Kesi nyingi zikahamia Ushelisheli, iliyorekebisha sheria yake mwaka huohuo, na kuanzia 2012 wafungwa wa huko walianza kupelekwa kumalizia vifungo vyao katika gereza la Hargeisa, lililokarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa.