Kibaba Kilichofika Ulaya

Katika miaka yote niliyosahihisha insha, hakuna methali iliyonichosha kama "haba na haba hujaza kibaba". Mtahiniwa aliyekosa la kusema aliianzia hapo, nami nilizoea kuipiga mstari wa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Imechakaa." Nilipohamia kufundisha waalimu chuoni niliwarithisha mzaha huo, nao bila shaka wakaupeleka madarasani mwao.

Sasa nimwelezee msomaji jambo lililonifanya nione haya.

Tarehe 12 Februari 2011, nchini Norway, binti mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka 1986, Stella Mwangi, alishinda mchuano wa kumchagua mwakilishi wa nchi hiyo katika Mashindano ya Nyimbo ya Eurovision. Alihamia huko akiwa na umri wa miaka mitano. Wimbo wake uliitwa "Haba Haba", nao ulihusu mafunzo ya bibi yake. Beti kwa Kiingereza, kiitikio kwa Kiswahili. Tarehe 10 Mei mwaka huo, mjini Düsseldorf, Kiswahili kikasikika kwa mara ya kwanza katika jukwaa hilo lililoanza mwaka 1956. Methali yangu ile iliyochakaa!

Hakufika fainali. Katika kundi lake nchi zilikuwa 19, kumi zikapita, naye akawa wa 17 kwa pointi 30. Huku nyumbani tungesema ameshindwa, na yawezekana mimi ningekuwa wa kwanza kusema hivyo, kwa kuwa maisha yangu yote yalikuwa ya kupanga majina kwa alama.

Lakini mjukuu wangu, aliyenionyesha hayo yote kwenye simu yake hapa barazani Sekei, alinionyesha pia kisa cha Wafini. Ufini iliingia katika mashindano hayo mwaka 1961. Mwaka 1963 ilipata sifuri. Mwaka 1965, sifuri. Mwaka 1982, sifuri tena. Mara kadhaa ilishika mkia, hata wenyewe wakageuza jambo hilo kuwa utani wa taifa. Ndipo mwaka 2006 wakapeleka Athens kundi la roki nzito liitwalo Lordi, watu waliovaa sura za mazimwi, wenye mapembe na makucha, na wimbo wao "Hard Rock Hallelujah". Jukwaa hilo lilizoea nyimbo laini za mapenzi. Waumini wengi walichukizwa, huko Ugiriki na hata kwao Ufini, nchi ya Walutheri kama walivyo wengi wa majirani zangu hapa Meru. Wakadai ni mambo ya shetani, ingawa wanamuziki hao walikana. Nakiri kwamba ningeziba masikio. Tarehe 20 Mei watazamaji wa Ulaya, kwa kura za simu, waliwapa pointi 292, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na yeyote kabla yao. Urusi, iliyofuata, ilikuwa na 248.

Miaka 45, basi. Kama mwaka 1983 mwalimu fulani wa Helsinki angemkuta mwanafunzi akiandika kwamba nchi yao itashinda siku moja, tena kwa ngoma ya mazimwi, sijui angetumia wino wa rangi gani.

Mjukuu aliniuliza: "Babu, kibaba ni nini hasa?" Nikamjibu upesi, robo ya pishi. Akauliza pishi ni nini. Nikagundua kwamba miaka yote ile niliisahihisha methali bila kumwonyesha mwanafunzi hata mmoja chombo chenyewe. Nilizunguka sokoni kukitafuta. Wachuuzi wana debe, sado na mizani ya kilo. Kibaba hawana, na kijana mmoja alidhani namtafuta mtu. Mwishowe tulichukua kopo tupu la maziwa, mjukuu akashika, nami nikaanza kudondosha maharage, punje moja moja, mpaka mama yake akatuita chakulani. Hatukuwa tumefika hata nusu.