Jenereta ya Sultani na Giza la Shanzu
Asemaye "ameona mwanga" huzungumzia fahamu, lakini pwani yetu mwanga wenyewe ulikuwa na mwenyewe. Jenereta ya Sultani Barghash iliangaza kasri lake Unguja. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee akaipata, nayo ikazaa kampuni ya umeme ya Mombasa. Kisiwa cha Mombasa kikatangulia kuwaka, ng'ambo ya kaskazini, Shanzu ikiwemo, ikabaki na koroboi. Hapo ndipo msemo unapodhulumu: aliyekosa waya huonekana amekosa akili. Mtu atapinga akisema elimu haikungoja stima. Ni kweli kabisa, vyuo vya Kurani vililea wasomi vizazi kwa vizazi pasipo balbu. Lakini ustahimilivu wao hauhalalishi kucheleweshwa. Moshi wa koroboi uliwachoma macho vilevile.