KUIPIMA MVUA YA UGOGO

Tunapoadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, yafaa tukumbuke habari ya jambo lisilotii amri ya chama chochote, nalo ni mvua.

Dodoma mjini wastani wa mvua ni kama milimeta 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini kipimo cha mjini ni cha mjini tu. Mvua zetu ni za ngurumo: shamba moja hulowa, na la jirani ng’ambo ya korongo likabaki vumbi.

Wasiojali jambo hilo walipata hasara kubwa. Mwaka 1946 ujumbe wa Bwana John Wakefield, uliotumwa na serikali ya Uingereza, ulizunguka nchi zetu kwa muda wa wiki tisa, ukashauri zilimwe ekari 3,210,000 za karanga. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo ulikuwa mgumu, mashine ziliharibika, na mwaka 1949 ukame ukaunguza mazao. Januari 1951 mpango ukaachwa, na pauni kama milioni 36 zikawa zimepotea. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kuitumainia mvua ambayo vipimo vyake vilikuwa vichache mno.

Basi mvua ya eneo zima hukadiriwaje? Mwaka 1911 Mmarekani A. H. Thiessen alieleza njia hii: kila kipande cha ardhi kihesabiwe kwa kipimo kilicho karibu nacho zaidi. Tuchukue mfano wa vipimo vitatu vyenye milimeta 600, 500 na 400. Tukijumlisha na kugawa kwa tatu, tunapata 500. Lakini ikiwa kipimo cha 400 kinasimamia sehemu tatu kati ya tano za eneo, na vile viwili sehemu mojamoja, wastani wa kweli ni 460. Zile 40 zilizopungua zaweza kuwa ndizo tofauti ya mahindi kukomaa na kunyauka.

Kwa hiyo kila chama cha msingi na kiwe na kipimo chake, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, na kuandikwa bila kukosa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ushahidi wake ni maji yaliyomo chomboni.