Randa ya Mbao katika Karakana za Tanga

Randa ya mbao ni gogo fupi la mti mgumu lililotobolewa katikati, likapachikwa kisu cha chuma kwa mteremko wa karibu nyuzi 45 na kukazwa kwa kabari. Haina skrubu wala springi. Fundi akitaka kisu kitoke zaidi hukigonga kichwani kwa nyundo. Akitaka kirudi ndani hugonga kisigino cha gogo, kabari ikalegea. Umbo hili ni la kale sana. Randa za Kirumi zimefukuliwa Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, na nyingine zilipatikana ndani ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545.

Katika pwani ya Tanga na Pangani, kazi ya kulainisha mbao ilifanywa kwanza kwa tezo. Waunda majahazi waliitumia kwa ustadi mkubwa, na kilichobaki kilisuguliwa kwa majani makavu ya msasa. Jahazi halidai uso ulionyooka, kwa kuwa mbao zake hufuata mkunjo wa mataruma, yaani mbavu za chombo. Randa ilihitajika pale ambapo mbao mbili zilipaswa kukutana bila mwanya: kwenye mlango, dirisha, sanduku na meza. Kwa sababu hiyo historia ya randa hapa ni ya nyumba na samani zaidi kuliko ya bahari, na labda ndiyo maana imesahauliwa. Milango ya nakshi na majahazi vimeandikiwa vitabu. Chombo kilichoandaa ubao kabla ya mchongaji kuugusa hakikupata hata ukurasa.

Mahitaji ya randa yaliongezeka haraka kuanzia muongo wa 1890, chini ya utawala wa Wajerumani. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza magogo ya misitu ya Shume yalikuwa yakiteremshwa Mkumbara kwa njia ya waya, na reli ndogo ya Sigi ilihudumia msitu wa Usambara ya Mashariki. Ofisi, stesheni, nyumba za mashamba ya mkonge, zote zilidai milango na fremu. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa mwanzoni mwa muongo huohuo, ilifundisha pia kazi za mikono.

Upande wa Mombasa, ujenzi wa Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 ulileta maelfu ya wafanyakazi kutoka India. Makalasinga wa jamii ya Ramgarhia, maseremala na wahunzi kwa asili, walienea baadaye katika miji ya Afrika Mashariki.

Njia hizo mbili, ya Wajerumani kupitia Tanga na ya Waingereza kupitia Mombasa, zinasomeka kwenye mwili wa randa yenyewe. Randa ya Kijerumani hujulikana kwa pembe iliyosimama mbele, ambayo mkono wa kushoto huishika. Randa ya Kiingereza haina pembe hiyo. Uso wake wa mbele mara nyingi hubeba muhuri wa mtengenezaji, na kando yake muhuri wa mwenye mali, wakati mwingine wa wenye mali wawili au watatu waliofuatana. Kisu nacho huweza kuwa na jina la Sheffield, mji wa Uingereza. Visu vya zamani ni vinene upande wa makali na vyembamba juu, na ukivitazama ubavuni unaona mstari ambapo bamba jembamba la feleji limeunganishwa kwa moto na chuma laini. Kisu kilichobaki kifupi kinaeleza miaka ya kunolewa. Mdomo wa randa uliotanuka kwa kuliwa, kisha ukazibwa kwa kipande cha mti mwingine, unaeleza fundi asiyekuwa na uwezo wa kununua nyingine, au asiyetaka kuachana na ile aliyoizoea.

Mchwa na unyevu wa pwani humaliza gogo, kisu hubaki. Fundi hukichukua na kukichongea mwili mpya wa mti mgumu wa hapahapa, kama mninga au mkongo. Randa ya namna hiyo ina umri wa aina mbili, na nusu yake muhimu haina muhuri wowote. Nusu hiyo ndiyo kazi ya maseremala wa Tanga, nayo inastahili heshima sawa na ile yenye jina la kiwanda.

Randa za chuma zilisukuma za mbao pembeni. Leonard Bailey alibuni mtambo wa kurekebisha kisu kwa skrubu huko Marekani, kampuni ya Stanley ikanunua haki zake mwaka 1869, na Record ya Sheffield ikaanza kuziunda mwaka 1931. Siku hizi katika mitaa kama Mabawa mbao hupelekwa kwenye mashine, zikarudi zimepigwa randa pande zote, na maranda huuzwa kwa wafugaji wa kuku. Randa ya mkono imebakiwa na kazi ya kumalizia, hasa masika, milango inapofura na kukwama kwenye fremu.

Anayemiliki randa ya babu yake asiisugue kwa msasa ili ing'ae, kwani muhuri na alama za mikono hufutika. Aandike jina la fundi aliyeitumia, mtaa na miaka ya kazi yake, kisha, kama haihitaji tena, aipeleke kwa Urithi Tanga, katika Boma la zamani la Wajerumani.