Bao Moja la Casablanca



Jumapili tarehe 4 Januari 2026 timu yetu ya taifa ilifungwa na Morocco bao 1-0 mjini Rabat, katika hatua ya kumi na sita bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kuvuka hatua ya makundi tangu iliposhiriki fainali hizo kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Siku chache baadaye kijana mmoja wa kwaya alitukuta nje ya kanisa, akatuambia neno ambalo hatujaweza kulisahau: "Padre, afadhali tungefungwa manne. Mtu akifungwa manne, analala."

Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Mwezi Agosti 2025, jijini Dar es Salaam, katika robo fainali ya michuano ya wachezaji wa ndani, ni Morocco hao hao waliotutoa, tena kwa bao 1-0. Kipigo kikubwa humwambia mtu ukweli wake na kumwacha aende zake. Kipigo chembamba humrudisha uwanjani usiku kucha: laiti mpira ule ungepita upande wa pili, laiti mwamuzi angetazama vizuri.

Hatukumjibu kijana yule ipasavyo. Tunajaribu kumjibu leo kwa kwenda kwa jirani zetu wa Zambia, ambao nao walipata kufungwa na Morocco bao moja kwa bila, wakiwa wamebeba machungu ambayo sisi hatujawahi kuyaonja.

Wenye umri wetu watakumbuka kikosi kile. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Korea Kusini, Zambia iliifunga Italia mabao 4-0, na Kalusha Bwalya alifunga matatu peke yake. Miaka mitano baadaye kizazi hicho kilikuwa kimekomaa na kilikuwa kikilitazama Kombe la Dunia la mwaka 1994. Jumapili tarehe 25 Aprili 1993 kiliishinda Mauritius mabao 3-0, ugenini. Kutoka huko kilipaswa kuvuka bara zima hadi Dakar kucheza na Senegal, kwa ndege ya Jeshi la Anga la Zambia iliyolazimika kutua njiani mara kwa mara ili kuongeza mafuta. Usiku wa tarehe 27 Aprili ndege hiyo iliruka kutoka Libreville, Gabon, na muda mfupi baadaye ikaanguka baharini karibu na ufuko. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, wakiwamo wachezaji 18 na kocha wao Godfrey Chitalu. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2003 ilisema injini ya kushoto ilishika moto, na rubani, aliyekuwa amechoka, akaizima ile ya kulia iliyokuwa nzima.

Kalusha alinusurika kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na alipangiwa kusafiri kwa njia yake. Wenzake walizikwa kando ya Uwanja wa Uhuru mjini Lusaka.

Ni nani angeilaumu Zambia kama ingejitoa? Iliunda timu mpya, wengi wao vijana wasiojulikana nje ya nchi yao. Tarehe 4 Julai 1993, wiki kumi tu baada ya ajali, timu hiyo iliingia katika uwanja ule ule wenye makaburi kando yake, ikaishinda Morocco mabao 2-1, na mojawapo likafungwa na Kalusha. Baadaye iliifunga Senegal mabao 4-0. Basi, ilipofika tarehe 10 Oktoba 1993 mjini Casablanca, Zambia ilihitaji sare tu ili iende Marekani. Morocco walipata bao moja, Zambia haikupata. Wakati ule ushindi ulihesabiwa pointi mbili: Morocco walimaliza na pointi sita, Zambia tano.

Tunaomba msomaji akae kidogo hapo Casablanca, asikimbilie mbele. Kipigo kile hakijapata kulipwa. Mpaka leo tunapoandika, Zambia haijawahi kucheza Kombe la Dunia. Pointi ile moja imebaki ilipoachwa, na wale waliokuwa uwanjani siku ile wamezeeka nayo.

Miezi sita baadaye walikuwa Tunisia, katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1994. Kocha wao sasa alikuwa Ian Porterfield kutoka Scotland. Waliitoa Senegal kwa bao 1-0, wakaifunga Mali 4-0 katika nusu fainali, wakafika fainali dhidi ya Nigeria mjini Tunis. Ilikuwa tarehe 10 Aprili, Jumapili ya Pili ya Pasaka, ile ambayo Injili yake hutuonyesha wanafunzi wamejifungia ndani kwa hofu. (Juma hilo hilo mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda. Tunalitaja ili mtu asidhani tunaweka huzuni ya mpira na huzuni ile katika mizani moja.) Dakika za mwanzo kabisa Elijah Litana aliifungia Zambia kwa kichwa. Muda haukupita sana, Emmanuel Amunike akasawazisha, na mara tu baada ya mapumziko akafunga la pili. Nigeria 2, Zambia 1.

Waliporudi nyumbani walipokewa kama mashujaa. Jambo hili ndilo lililotufanya tuandike. Siku hizi habari ya Zambia husimuliwa kwa kuruka moja kwa moja kutoka ajali ya 1993 hadi ushindi wa 2012, kana kwamba miaka kumi na minane ya katikati ilikuwa chumba cha kusubiri. Lakini watu waliojitokeza Lusaka mwezi Aprili 1994 hawakujua lolote kuhusu 2012. Hawakushangilia ahadi. Walikuwa wameiona timu iliyokufa ikicheza tena, na ikishindwa kwa bao moja tu na timu bora ya Afrika ya wakati ule, na hilo liliwatosha kusimama juani na kupunga mikono. Matumaini yao yalikuwa na kitu cha kushika.

Nasi tujihoji kwa haki. Taifa Stars ilivuka makundi kwa sare mbili, dhidi ya Uganda na Tunisia, bila kushinda mchezo hata mmoja. Anayesema kwamba tumeshafika anajidanganya. Lakini anayesema ni afadhali tungefungwa manne hajatazama umbali wenyewe: Morocco, wenyeji, mbele ya watu wao, walihitaji bao moja na hawakupata la pili. Kipigo chembamba kinauma kwa sababu kinatuonyesha kazi iliyobaki, nayo ni kazi inayoonekana. Kipigo cha manne hakionyeshi kitu.

Zambia yenyewe haikupanda ngazi moja kwa moja. Ilishika nafasi ya tatu mwaka 1996, kisha ikatolewa mapema mara nyingi, na mwaka 2004 haikufuzu kabisa. Mwaka 2010 ilitolewa na Nigeria katika robo fainali kwa mikwaju ya penalti, kipigo kingine chembamba. Ndipo ukaja mwaka 2012. Zambia ilicheza michezo yake yote ya awali Guinea ya Ikweta, na ilifika Libreville kwa kuingia fainali. Iliifunga Ghana bao 1-0 katika nusu fainali, ikavuka kwenda Gabon. Kabla ya mchezo wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Kalusha alikuwa pamoja nao, sasa akiwa rais wa chama cha soka cha nchi yake. Wengi wa vijana wale walikuwa watoto wadogo ndege ilipoanguka.

Tarehe 12 Februari dakika 120 zilikwisha bila bao dhidi ya Ivory Coast, na Didier Drogba alikuwa amepaisha penalti. Katika mikwaju, wachezaji wa Zambia walisimama wakiimba, na Stoppila Sunzu akafunga wa mwisho: 8-7.

Kuna mtu mmoja wa jioni ile ambaye hutajwa kwa nadra. Beki Joseph Musonda aliumia mguu dakika za mwanzo kabisa, akatolewa nje akilia. Mchezo ulipokwisha, wenzake wakikimbia na kucheza uwanjani, hakuweza kuwafuata. Kocha Hervé Renard alimwendea, akambeba mikononi kama anavyobebwa mtoto, akampeleka mpaka walipokuwa wenzake.