Kanda ya North Metropolitan na Uzito wa Kura ya Mkazi wa Perth

Kanda ya North Metropolitan ilikuwa mojawapo ya kanda sita za uchaguzi zilizotumika kuwapata wajumbe wa Baraza la Juu la Bunge la Jimbo la Australia Magharibi. Ilianza kutumika katika uchaguzi wa mwaka 1989 na kufikia ukomo tarehe 21 Mei, 2025, wajumbe wake wa mwisho walipomaliza muda wao. Ilihusisha sehemu ya mji mkuu wa jimbo hilo, Perth, iliyo kaskazini mwa Mto Swan na kuambaa na pwani ya Bahari ya Hindi, yakiwemo maeneo ya Scarborough na Joondalup.

Kwa msomaji aliyezoea eneo la uchaguzi lenye mbunge mmoja, utaratibu wa kanda hiyo unahitaji maelezo. Kanda iliunganisha wilaya kadhaa za uchaguzi, ambazo kila moja ilikuwa na mbunge wake katika Bunge la Chini. Wapiga kura wa wilaya hizo zote kwa pamoja waliwachagua wajumbe wa Baraza la Juu, saba hapo awali na baadaye sita, kwa mfumo wa uwakilishi wa uwiano. Palipokuwa na nafasi sita, mgombea alihitaji takriban asilimia 14.3 ya kura halali, yaani moja ya saba. Kura zilizozidi kiwango hicho zilihamishiwa kwa mgombea aliyefuata katika mpangilio wa chaguo la mpiga kura, na vivyo hivyo kura za mgombea aliyeondolewa kwa kupata kura chache. Hivyo chama kidogo ambacho kisingeshinda hata wilaya moja kiliweza kupata mjumbe.

Wajumbe hao hawakuwa wa kupamba ukumbi. Muswada hauwi sheria katika jimbo hilo pasipo ridhaa ya Baraza la Juu, na ndiyo sababu idadi ya viti vya kila kanda ilibishaniwa kwa miongo kadhaa.

Kiini cha ubishi kilikuwa hesabu. Kanda tatu zilikuwa za jiji na tatu za mikoani, na kila upande ulipewa nusu ya viti, ingawa takriban robo tatu ya wapiga kura waliishi Perth. Mwaka 2005 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokaribia kusawazisha thamani ya kura katika Bunge la Chini, lakini Baraza la Juu likaachwa na mgawanyo wa nusu kwa nusu, kila kanda ikipewa wajumbe sita kuanzia uchaguzi wa 2008. North Metropolitan, iliyokuwa na wajumbe saba, ikapoteza mmoja katika marekebisho yaliyobeba jina la usawa wa kura. Kufikia uchaguzi wa 2021 kanda hiyo ilikuwa na wapiga kura zaidi ya 400,000, ilhali Kanda ya Mining and Pastoral, yenye migodi na mashamba makubwa ya mifugo, ilikuwa na takriban 70,000. Zote mbili zilitoa wajumbe sita. Kwa maneno mengine, kura ya mkazi wa machimboni ilikuwa na uzito wa karibu mara sita ya kura ya mkazi wa Scarborough.

Njia ya mahakama ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1996, katika shauri lililofunguliwa na mwanasiasa wa chama cha Labor, Jim McGinty, Mahakama ya Juu ya Australia iliamua kwa wingi wa majaji kwamba Katiba haikulilazimisha jimbo kuwapa wapiga kura uzito ulio sawa. Aidha, mwaka 2003 mahakama hiyo iliamua kuwa miswada ya mageuzi iliyopitishwa na mabunge ya jimbo isingeweza kuwa sheria, kwa kuwa haikuungwa mkono na zaidi ya nusu ya wajumbe wote.

Tukio lililoharakisha mabadiliko halikutokea Perth. Mwaka 2021 Wilson Tucker, mgombea wa chama kilichotaka saa zisogezwe mbele wakati wa kiangazi, alichaguliwa katika Kanda ya Mining and Pastoral akiwa na kura 98 tu za chaguo la kwanza. Wananchi wa jimbo hilo walikwisha kulikataa pendekezo la saa katika kura nne za maoni, ya mwisho mwaka 2009. Tucker hakuvunja sheria yoyote. Mpiga kura aliyeweka alama kwenye kisanduku cha chama alikuwa anakiachia chama hicho kuamua kura yake ihamie wapi, na vyama vidogo vilikuwa vimekubaliana kupeana kura.

Serikali ya Waziri Mkuu wa Jimbo, Mark McGowan, iliunda kamati ya wataalamu chini ya gavana wa zamani, Malcolm McCusker, na sheria mpya ikapitishwa mwishoni mwa 2021. Kanda zote zilifutwa, jimbo zima likawa eneo moja lenye wajumbe 37, na vyama vikaondolewa mamlaka ya kupanga uhamisho wa kura. Wapinzani walikumbusha kuwa wakati wa kampeni McGowan alisema suala hilo halikuwamo katika ajenda yake. Hoja yao nyingine ilikuwa nzito zaidi: katika jimbo lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 2.5, mkazi wa mbali angebaki bila mjumbe anayelazimika kumfikia.

Utaratibu mpya ulitumika kwa mara ya kwanza tarehe 8 Machi, 2025. Kiwango cha kumwezesha mgombea kuchaguliwa kilishuka hadi takriban asilimia 2.6. Labor ilipata viti 16, Liberal 10, Greens 4, Nationals 2 na One Nation 2, na vyama vingine vitatu vikapata kiti kimoja kimoja. Mpiga kura wa Joondalup na yule wa machimboni sasa hupokea karatasi ya kura ya Baraza la Juu yenye majina yale yale, na kura zao hujumlishwa pamoja.